Nguva Si Pambo

Kuna sifa zinazoua. Mwanamke akiambiwa kuwa ni ua, ameshapangiwa siku ya kunyauka. Akiambiwa kuwa ni lulu, ameshatafutiwa mnunuzi. Na akiambiwa kuwa ni embe bivu, hapana haja ya kueleza yaliyosalia. Ushairi wa Kiswahili, kwa utamu wake wote na ufundi wake wote wa vina na mizani, umekaa muda mrefu katika bustani hii ya sifa. Humo mshairi ndiye mwenye bustani, msomaji ni mgeni aliyekaribishwa kunusa, na mwanamke ndiye anayenuswa. Kisha husemwa, kwa fahari, kwamba ushairi wa mapenzi umeunganisha mwili wa mwanamke na maumbile. La hasha. Uliofanyika hapo si muungano. Ni kuvitia vitu viwili katika mkoba wa mwenye mali mmoja.

Muungano wenyewe unapatikana mahali ambapo wapenzi wa ushairi wa pwani hawajazoea kupatazama: katika kazi za Wangechi Mutu, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Wala si jambo la mbali na bahari ya hapa. Mwaka 2014 Mutu alionyesha kazi zake katika jumba la sanaa la Victoria Miro, London, na maonyesho hayo akayapa jina la Kiswahili kitupu: Nguva na Nyoka. Mzungumzaji wa Kiingereza alihitaji kufasiriwa jina hilo, Mswahili hakuhitaji. Hata hivyo jina la mchoraji huyu ni nadra kutajwa panapozungumzwa sanaa na fasihi ya mwambao. Wakosoaji wanaoweza kubishana usiku kucha juu ya silabi moja iliyozidi katika ukwapi hawaoni ajabu kwamba nguva wao amesafiri hadi London na kurudi bila ya kuulizwa habari.

Ni vyema kwanza ieleweke kazi hii inafanywaje, maana wengi huihukumu kabla ya kuitazama. Mutu alisoma Nairobi, kisha Wales, kisha New York katika chuo cha Cooper Union, na mwaka 2000 akamaliza shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale, alikosomea uchongaji. Picha zilizompatia jina amezichora juu ya Mylar, aina ya plastiki nyembamba isiyonywa maji. Karatasi hunywa wino. Plastiki hii haiunywi. Wino ukimwagwa juu yake hutuama, hutambaa, hujikusanya pembezoni, ukikauka huacha madoa na mabaka kama ya ngozi iliyougua, au ya gome la mti, au ya mwamba uliopigwa na mawimbi. Juu ya madoa hayo hubandika vipande alivyovikata kutoka magazeti ya mitindo, majarida ya jiografia, majarida ya pikipiki, hata ya picha za uchafu. Jicho latoka kwa mwanamitindo, mguu watoka kwa mnyama, kifundo chatoka kwenye injini. Vipande hivyo vikikutana, hupatikana mwanamke.

Mwanamke huyo hapendezi kwa namna iliyozoeleka. Nywele zake ni mizizi au manyoya. Ngozi yake ina magamba. Kiungo kimoja kimekatika na mahali pake pameota kitu kisichojulikana kama ni tawi au chuma. Lakini hakuomba kupendeza. Mutu amewahi kueleza kwamba wanawake hubeba alama za utamaduni wao zaidi ya wanaume, na kwamba chochote kinachotamaniwa au kinachodharauliwa huwekwa juu ya mwili wa mwanamke. Picha zake ni ushahidi wa kauli hiyo. Yale yote yaliyowekwa juu ya mwili huo, tamaa kwa dharau, ameyakusanya akayaonyesha palepale yalipowekwa.

Katikati ya miaka ya 2000 alifanya kazi iliyolikamilisha jambo hili kwa ukali usiosahaulika. Alichukua kurasa za michoro ya kitabibu ya karne ya 19 zinazoonyesha maradhi na uvimbe wa kizazi cha mwanamke. Ni michoro ya madaktari: tumbo lililopasuliwa, nyama iliyopewa jina la Kilatini, mwenye tumbo asiyekuwa na uso wala jina. Juu ya kila ukurasa Mutu akajenga uso. Macho, midomo, manyoya na vumbi la kumetameta vimebandikwa juu ya kizazi kilichougua, hata mtazamaji akadhani anatazamwa na mtu ilhali anatazama ugonjwa. Zipo kurasa 12 katika mfululizo huo. Daktari alikuwa amemtoa mwanamke akabakiza kiungo. Mchoraji amemrudisha mwanamke kwa kukitumia kiungo kilekile.

Sasa msomaji na alipime hilo kwa mizani ya ushairi aliouzoea. Mshairi wa sifa naye hukatakata. Hutaja shingo, hutaja kifua, hutaja kiuno, hutaja meno kama mchele na macho kama ya paa, kila kiungo na ubeti wake, na mwisho wa shairi viungo vyote vimesifiwa na mwenyewe hayupo. Tofauti ya mshairi huyo na yule daktari wa karne ya 19 ni manukato tu. Wote wawili wameugawa mwili vipande. Mmoja akavipaka dawa, mwengine asumini.

Kwa hiyo wanaosema kwamba Mutu anaharibu umbo la mwanamke wamelaumu asiyestahili. Umbo lilikwisha kukatwa kabla yeye hajashika mkasi. Lilikatwa na kitabu cha tiba, likakatwa na gazeti la mitindo, likakatwa na beti za kusifu. Yeye ameokota vipande. Kwamba vipande vikiunganishwa mishono huonekana si kosa la mshonaji.

Wapo pia wanaoleta hoja ya adabu. Wanasema kwamba pwani ni mahali pa sitara, na picha za namna hii hazina stara. Hoja hii inastahili heshima, kwa kuwa sitara ni jambo kubwa katika utamaduni wa mwambao na halikuanza jana. Lakini na itazamwe vizuri. Mwili katika picha za Mutu haumtegi mtu. Ngozi yake imegeuka gome, imegeuka madoa ya chui, imegeuka mawimbi. Anayetafuta uchi humo atatoka mikono mitupu, na pengine kwa hofu. Uchi uko katika yale majarida aliyoyakata, ambayo yamejaa madukani na simuni wala hayaandikiwi makala za kuyalaani. Ajabu ni kwamba jarida linapomwuza mwanamke mzima watu hunyamaza, na mkasi wa mwanamke unapolikata jarida hilo ndipo adabu inapokumbukwa.

Tena, kwa nini lugha yenyewe isisikilizwe? Kiswahili hakikungoja mchoraji wala mwanafalsafa kuunganisha mwili na ulimwengu. Neno ni moja: maumbile. Maumbile ni milima na bahari na misitu, na maumbile ni mwili wa mtu na hata sehemu zake zinazositiriwa. Bahari ina mkono, maji yana jicho, mlima una bega. Na mwezi, huo mwezi ambao washairi wameuchosha kwa kuufananisha na nyuso za wapenzi wao, una maana nyengine kabisa katika mazungumzo ya wanawake wenyewe. Mwanamke husema kuwa yumo mwezini, na hasemi habari ya uso wake. Anasema habari ya damu, ya hesabu, ya mzunguko unaokwenda na kurudi. Mshairi ameuona mwezi juu ya paa. Mwanamke amehesabu siku zake kwa jina la mwezi huo. Ushairi uliochagua mwezi wa kwanza ukauacha wa pili umechagua kutazama badala ya kujua.

Hapo ndipo nguva anapoingia.

Nguva wa hadithi anajulikana: nusu mwanamke, nusu samaki, mwenye nywele ndefu, anayewavuta mabaharia mpaka wakapotea. Nguva wa bahari hajulikani kiasi hicho. Ni mnyama mkubwa mpole, mwenye urefu wa karibu mita tatu na uzito unaoweza kupita kilo 400, anayekula nyasi za baharini kama ng'ombe malishoni. Hana gamba wala shavu la samaki; hupanda juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache. Huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya miezi 12 hadi 14, humnyonyesha kwa mwaka na zaidi, na huenda asizae tena mpaka ipite miaka mitatu, mitano, hata saba. Chuchu zake ziko karibu na kwapa, chini ya mapezi. Mwili wake si mrembo. Ni mwili wa mama.

Wataalamu wa wanyama waliliita kundi lake Sirenia, kwa jina la wale wanawake wa hadithi za Kiyunani waliowapoteza mabaharia kwa nyimbo. Mwaka 1493 Christopher Columbus, karibu na kisiwa cha Hispaniola, aliandika kwamba ameona nguva watatu wakitokeza majini, akaongeza kuwa hawakuwa wazuri kama wanavyochorwa. Inaaminiwa kwamba aliowaona ni jamaa wa nguva wa bahari ya Atlantiki. Katika sentensi hiyo ya nahodha mmoja limo kosa zima linalozungumzwa hapa. Mnyama amepanda juu kuvuta pumzi, na binadamu amemhesabia uzuri.

Mwambao wa Afrika Mashariki nao una lake. Simulizi zilizorudiwa mara nyingi zadai kwamba mvuvi aliyenasa nguva alitakiwa kula kiapo, kabla ya kuuza nyama, kwamba hakumwingilia mnyama huyo. Watu huisimulia habari hii kwa kicheko. Lakini na ifikiriwe pasina kucheka. Inakubali kwamba mwili wa nguva ni mwili wa mwanamke kiasi cha kuhitaji kiapo; kisha inauruhusu kukatwa na kupimwa kwenye mizani ya soko. Kiapo kinamsafisha muuzaji. Aliyeuzwa hakuulizwa neno.

Ni ufanano huu ambao Mutu ameushika. Mwaka 2013 alitengeneza filamu iitwayo Nguva, na mwaka 2017 akachonga kwa shaba nyeusi sanamu iitwayo Water Woman, yaani mwanamke wa maji, iliyowekwa kando ya maji katika bustani ya Laguna Gloria, mjini Austin, Marekani. Nguva huyo ameketi. Mkia wake umekunjwa nyuma yake, mwili wake ni mweusi unaong'aa kama kitu kilichotoka majini sasa hivi. Haimbi wala hamwiti mtu. Hana kioo wala kitana mkononi kama nguva wa vitabu vya Ulaya. Ametulia kama mwenye mahali pake, na anayemkaribia ndiye hujiona mgeni. Wachoraji wengi kabla yake walimweka nguva juu ya mwamba ili aonekane. Mutu amemweka ili aone.

Na nyoka? Jina la maonyesho limewataja wote wawili, na si kwa ajili ya mlio wa herufi tu. Nyoka ni mshirika wa zamani wa mwanamke katika kesi ambayo mwanamke hakuwahi kuishinda. Mwaka 2003 Mutu alichora picha ya vipande viwili iitwayo Yo Mama, kwa kumheshimu Funmilayo Ransome-Kuti, mpigania haki za wanawake wa Nigeria na mama wa mwanamuziki Fela Kuti. Humo mwanamke amekikanyaga kichwa cha nyoka kwa kisigino kirefu cha kiatu, na mwili wa nyoka umenyooka kutoka kipande kimoja cha picha hadi cha pili. Mwanamke huyo hakuahidiwa kwamba mwingine atakuja kumponda nyoka, ameshughulika mwenyewe. Kwa hivyo asije mtu akasema kwamba muungano wa mwanamke na maumbile kwa Mutu ni urafiki mtamu wa kukumbatia kila kitambaacho. Ni mahusiano, na mahusiano yana vita ndani yake.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya kazi hii haitoki kwa walinzi wa adabu. Inatoka kwa watetezi wa wanawake. Wanauliza: je, kumfungamanisha mwanamke na maumbile si kumrudisha kulekule? Kwa muda mrefu imesemwa kwamba mwanamume ni akili na mwanamke ni mwili, mwanamume ni mji na mwanamke ni shamba. Anayemchora mwanamke akiwa na mizizi kichwani hajamnyima akili? Swali hilo ni la haki, na wachoraji wengi wangeshindwa kulijibu. Mutu anajibu kwa kile kifundo cha injini. Wanawake wake si maumbile matupu. Ndani yao mna pikipiki, mna viatu vya madukani, mna karatasi za viwandani, mna ugonjwa uliopewa jina na daktari wa Ulaya. Hakuna katika picha zake mwanamke safi wa porini asiyeguswa na ulimwengu, kwa sababu hakuna mwanamke wa namna hiyo popote. Wala hakuna bahari ya namna hiyo. Mwili na bahari vyote viwili vimeguswa, vimevuliwa, vimetiwa taka, na bado vinazaa. Huo ndio ufanano wao, na hauhusiani na harufu ya maua.

Wengine huleta hoja ya asili ya mchoraji. Husema kwamba Mutu ni mtu wa bara, aliyekulia Nairobi na kupata jina New York, nguva anamjuaje? Hoja hii ni dhaifu, lakini haina budi kujibiwa kwa kuwa husemwa kwa sauti kubwa. Nguva si mali ya ukoo. Aliyemkumbuka ndiye aliyemheshimu. Kama watu wa bara na wa mbali wanamkumbuka nguva kuliko wana wa visiwa, fedheha ni ya nani? Tena Mutu hakuliacha bara lake alipokwenda baharini. Katika sanamu zake za miaka ya karibuni ametumia udongo mwekundu wa Nairobi, akauchanganya na majimaji ya karatasi na gundi, akaunganisha na matawi na mizizi ya miti. Mwaka 2019 wanawake wake wanne wa shaba nyeusi waliketi katika uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ndani ya vishubaka vilivyojengwa kwa ajili ya sanamu na kukaa vitupu tangu jengo hilo lilipokamilika mwaka 1902. Kwa miaka 117 mahali palikuwepo na mwenye kukaa hakuwepo. Mtu aliyejaza kitupu cha namna hiyo haulizwi cheti cha kuzaliwa.

Lakini makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya New York. Yameandikwa kwa ajili ya bahari iliyo nje ya dirisha. Mwezi Desemba mwaka 2022 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile uliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka, kwa makadirio kwamba wazima wenye uwezo wa kuzaa hawafiki 250 katika ukanda wote. Mahali palipobaki kundi linaloweza kujitegemea ni visiwa vya Bazaruto, Msumbiji. Katika maji ya Tanzania, baina ya Rufiji na Kilwa, na katika maji ya Kenya, upande wa Lamu, wamesalia wachache wanaoonekana kwa nadra. Hakuna siri katika sababu zake. Jarife hutegwa kwa ajili ya papa na samaki wakubwa. Nguva hunaswa humo, hashindani na nyavu kwa muda mrefu, hukosa pumzi akafa maji kama binadamu afavyo maji. Nyasi anazokula huharibiwa na matope, na nyavu za kukokota, na nanga. Na mnyama anayezaa mtoto mmoja katika miaka mitano hawezi kulipa deni la aina hiyo.

Je, mashairi mangapi yameandikwa juu ya kifo hicho? Mashairi ya nguva mrembo yapo, na nyimbo zipo, na mzaha upo. Shairi la nguva aliyenaswa na mtoto wake akizunguka nje ya wavu liko wapi? Lugha yenye utajiri wa maneno ya bahari kuliko lugha nyingi, yenye bamvua na maji mafu, yenye matlai na kusi na kaskazi, imeshindwa kumlilia mnyama wake kwa sababu ilishamfanya kuwa pambo, na pambo halifi. Hii ndiyo hasara ya sifa tupu, na ndiyo maana ubishi juu ya picha za mchoraji mmoja si ubishi wa ukumbi wa sanaa peke yake. Jicho lililozoezwa kuona uzuri tu haliwezi kuona jeraha.

Na jicho hilohilo halimwoni mwanamke anayesimama majini wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, na tangu hapo wakulima wake wengi mno wamekuwa wanawake. Huinama kwenye kamba na vigingi kwa saa nyingi, jua likiwapiga kutoka juu na likiwarudia kutoka kwenye maji. Macho huuma, mgongo huuma, ngozi hupasuka kwa chumvi. Bahari ilipozidi joto, ule mwani wa bei nzuri ulianza kuoza na kukatika, na wenye miili iliyozoea kusimama penye maji haba walilazimika kutafuta namna ya kuufuata penye kina, wengi wao bila ya kujua kuogelea. Mwanamke wa namna hii hahitaji mwanafalsafa amweleze habari ya mwili na maumbile. Joto la bahari analijua kwa miguu. Homa ya maji ni njaa ya nyumba yake. Huyo ndiye mwanamke wa maji wa visiwa hivi, na watalii humpiga picha kwa mbali kwa kuwa kanga zake zinapendeza dhidi ya rangi ya bahari. Amekwisha kugeuzwa pambo, kama nguva.

Hapana anayedai kwamba washairi wavunje vina au watupe asumini. Utamaduni wa pwani una mfano wake wa zamani, lau ungesomwa vizuri. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, naye mwenyewe akiwa mgonjwa. Kwa miaka mingi wasomaji wamekariri mawaidha ya mapambo na utii yaliyomo. Wachache wamesimama kufikiri kwamba utendi huo ulitoka katika mwili unaougua, uliokuwa ukihesabu siku zake na kutafuta la kumwachia mtoto. Udi na manukato yakakumbukwa, maradhi yakasahauliwa. Wasomaji walifanya kwa Mwana Kupona kile ambacho Columbus alifanya kwa mnyama wa Hispaniola.

Kinachodaiwa ni kwamba tashbihi iulizwe inamfanyia nini anayetashbihiwa. Mshairi akisema mwanamke ni bahari, na aseme ni bahari ipi: ile ya kadi za posta, au ile iliyopanda joto na kuuza mwani wake kwa bei ya kutupa? Akisema ni nguva, na aseme kama amemwona pumzi zikimwisha. Akishindwa kujibu, basi hajafananisha kitu na kitu. Amelipamba jina lake mwenyewe. Na mkosoaji anayeona picha za Wangechi Mutu zinatisha na aulize, kabla ya kugeuza uso, ni kipi hasa kinachomtisha: mshono, au kisu kilichotangulia mshono.

Nguva wachache waliobaki baina ya Rufiji na Kilwa hawatangoja ukosoaji ukomae. Mshairi wa visiwa anayetaka kuwaandika hana miaka mingi ya kuwaandika wakiwa hai.